Riyadh ni Karibu Kuliko Mombasa

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa King Khalid kule Riyadh ni kilomita 3,100 hivi, ukipima mstari ulionyooka. Ndege isiyotua njiani inakufikisha kwa saa nne na dakika kadhaa. Treni ya Madaraka kutoka Syokimau hadi Miritini huchukua saa tano au sita. Basi la usiku la Mombasa, lile linalosimama Mtito Andei watu wanunue chai na kunyoosha miguu, ni saa nane likibahatika. Mandera, ambayo iko Kenya na ina gavana wake, ni zaidi ya siku nzima barabarani. Kwa hesabu hiyo, msichana wa Kawangware anayekwenda kufanya kazi ya nyumbani Riyadh anakwenda karibu kuliko binamu yake anayekwenda kuuza nguo za mitumba Kongowea.

Mawakala wanaosafirisha wafanyakazi wanaijua hesabu hii vizuri. Mzazi akianza kusitasita, inatolewa kama karata ya mwisho: Mama, wasiwasi wa nini? Riyadh ni karibu kuliko Mombasa. Akipanda ndege saa nne asubuhi, saa nane mchana ameshatua. Hata saa ya mkononi habadilishi, kwa sababu Nairobi na Riyadh zinafuata saa moja. Akikupigia saa mbili usiku, na kwako ni saa mbili usiku. WhatsApp si iko? Mama anatikisa kichwa polepole, na karatasi zinatiwa sahihi.

Kinachonisumbua ni kwamba wakala hajadanganya. Kilomita ziko vile alivyosema. Saa za safari ni hizo hizo. Na bado ukiniuliza kama mama huyo ameambiwa ukweli, nitasema hajaambiwa. Nataka kujua uongo umeingilia wapi, maana hauko ndani ya neno lolote.

Jibu la haraka ni kwamba kuna mambo yamefichwa: kazi ni ngumu, mwajiri anaweza kuwa mkatili, kuna waliorudi na majeraha na kuna waliorudi ndani ya sanduku. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Kila anayeuza kitu huficha jambo. Makanga pale Country Bus atakwambia gari limejaa, linatoka sasa hivi, na ukipanda unakuta nusu ya abiria ni vijana wa kulipwa wa kukalia viti, wanaoshuka mmoja mmoja kadiri wateja wa kweli wanavyoingia. Huo ni uongo wa kawaida na sote tumeuzoea, karibu uwe sehemu ya nauli. Wa wakala ni wa aina nyingine. Yeye amejibu swali kwa usahihi kabisa, ila si swali aliloulizwa. Mama alipouliza ni mbali kiasi gani, alikuwa anauliza: mambo yakiharibika, nitampata mwanangu baada ya muda gani? Wakala akamjibu itamchukua muda gani kumfikisha kwa mteja.

Hayo ni maswali mawili, na yana majibu yanayotofautiana kwa miaka.

Kiswahili kina neno linalosaidia hapa, na tunalitumia kila siku bila kuliangalia. Karibu. Ni kipimo cha umbali na ni salamu ya mlangoni. Duka liko karibu, karibu ndani. Sijui kama waliolitengeneza neno walikusudia, lakini matokeo yake ni kwamba kwetu sisi huwezi kuzungumzia ukaribu bila kumgusa mtu anayekaribisha. Kuna anayefungua mlango na anayengojea afunguliwe. Ukaribu wa ramani hauna mwenyeji. Ni namba tu. Hata safari yenyewe ni neno tulilochukua kwa Waarabu, na wenye nyumba kule Riyadh wanalo lile lile, safar. Neno limesafiri kutoka huko hadi huku bila kuombwa pasipoti.

Shuleni tulifundishwa kwamba umbali kutoka A hadi B ni sawa na umbali kutoka B hadi A. Kwenye karatasi, sawa. Lakini hata marubani hawaishi kwa kanuni hiyo: ndege kutoka New York kwenda London hufika mapema kwa karibu saa moja kuliko ile ya kutoka London kwenda New York, kwa sababu kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi. Njia ni moja, anga ni moja, ila mmoja anasukumwa na mwingine anapingwa. Na upepo angalau haubagui. Haukagui pasipoti yako kabla ya kuamua ukusukume au ukupinge.

Kuna jozi ya viwanja vya ndege ambayo inaionyesha hali hii kuliko yoyote ninayoijua. N'djili uko Kinshasa. Maya-Maya uko Brazzaville. Nchi mbili, miji mikuu miwili, na katikati yao kilomita 26 hivi, sawasawa na kutoka katikati ya Nairobi hadi Athi River. Ukisimama ukingoni upande mmoja unaona majengo ya upande wa pili. Kati yao kuna mto Kongo, na juu ya mto hakuna daraja. Watu wamevuka kwa boti kwa vizazi, kwa biashara, kwa ndoa, kwa mpira. Halafu mwaka 2014 polisi wa Brazzaville wakaanza operesheni ya kuwaondoa wageni wasio na vibali, na maelfu kwa maelfu ya watu wa ng'ambo wakarudishwa Kinshasa na virago vyao, baadhi wakiwa wameishi kule miaka mingi. Mto haukupanuka mwaka huo hata kwa mita moja. Lakini mwanamke aliyekuwa akivuka asubuhi kuuza bidhaa na kurudi jioni kupika, kwake Brazzaville ilihamia mbali kuliko Paris.

Kwa hivyo mimi napendekeza kipimo kingine. Usiulize ni saa ngapi kufika. Uliza: mtu akiamua leo kurudi nyumbani, kwa hiari yake, bila kumwomba mtu, atafika lini?

Kijana wa Nairobi aliye Entebbe, kilomita 520 hivi kwa ndege, akiamua asubuhi kurudi, jioni yuko kwao. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka mipaka yao mitatu kwa kitambulisho cha taifa tu. Entebbe kwa kipimo changu ni siku moja, kwenda au kurudi. London ni saa nane na nusu au tisa angani, lakini kwa Mkenya anayeanzia hapa kuna wiki kadhaa za kungoja, taarifa za benki, alama za vidole, na ada ambayo hairudishwi hata ukinyimwa viza. Mwingereza anayekuja huku anajaza fomu mtandaoni, maana Kenya iliondoa viza kwa wageni wote Januari 2024. London ina umbali mara mbili, kutegemea uko upande gani wa kaunta. Hilo la viza limeshaandikwa sana na sitalirudia.

Riyadh ni tofauti, kwa sababu pale ugumu umewekwa kwenye kutoka. Kuingia kumerahisishwa: wakala anahangaikia viza, anatafuta daktari wa kukupima, anakununulia tiketi, anakupeleka hadi mlango wa uwanja. Umewaona. Wanakuja kwa vikundi, wamevaa mitandio inayofanana, kila mmoja amekumbatia bahasha ya karatasi zake kifuani kama mtoto mchanga. Wengi hawajawahi kupanda ndege. Mlango wa kwenda unasukumwa na watu kumi kwa niaba yao.

Ukishafika, unaingia katika mfumo unaoitwa kafala. Mwajiri ndiye mdhamini wako, na uhalali wako wa kuwa nchini umefungwa kwake. Pasipoti mara nyingi anaishika yeye, ingawa sheria inakataza. Mkataba wa kawaida ni wa miaka miwili. Ukitoka nyumbani kwake bila ridhaa anaweza kukuripoti kama mtoro. Wana neno lao, huroob, na jina lako likishaingia kwenye kitabu hicho, wewe ndiye mkosaji unayesakwa. Machi 2021 Saudi Arabia ilianza kutekeleza marekebisho yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi wa kigeni kubadilisha mwajiri na kusafiri nje ya nchi bila kibali chake. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuwemo. Qatar ilikuwa imeondoa kibali cha kutoka nchini hata kwa wafanyakazi wa nyumbani Januari 2020, ila kuondoa kibali ni jambo moja, na kuwa na pasipoti mkononi na nauli mfukoni na mlango usiofungwa kwa nje ni mambo mengine matatu.

Sasa pima. Msichana akiamua Jumatano kwamba imetosha, atafika Kawangware lini? Anahitaji pasipoti, iliyo kabatini kwa mwajiri. Anahitaji ruhusa ya kutoka, iliyo mikononi mwa mwajiri. Anahitaji tiketi, na kwa kuwa amevunja mkataba huenda akaambiwa alipe pia gharama za kuletwa. Anahitaji simu, ambayo labda ameachiwa, labda hajaachiwa. Saa nne bado ziko pale pale. Zinamngoja mwisho wa foleni, baada ya hayo yote.

Na akifa, kipimo kinabadilika tena. Mwili wake unakuwa mzigo wa ndege, unahitaji hati kutoka hospitali, polisi, ubalozi na mdhamini yule yule. Nyumbani kundi la WhatsApp linafunguliwa, namba ya Mpesa inabandikwa, na watu ambao hawakuwahi kuijua Riyadh iko upande gani wanachanga ili kununua saa nne za kurudi.

Naujua mjibizo. Kwani walilazimishwa? Hawakulazimishwa, wengi wao. Ni wanawake wazima wanaopiga hesabu vizuri kuliko mimi. Mshahara wa kule unazidi wa kazi ile ile hapa mjini, na kuna waliojenga nyumba, wakalipia wadogo zao karo, wakarudi wakafungua saluni na kwenda tena. Kuwahurumia kwa jumla ni kuwadharau. Lakini ukipewa kipimo cha uongo, hata ukikokotoa sawasawa, jibu litatoka bovu. Hiari ya mtu inasimama juu ya alichoambiwa. Aliyeambiwa saa nne akasema ndiyo, hakuwa amesema ndiyo kwa miaka miwili ya kutoweza kutoka.

Uwanja wenyewe tunaoondokea una historia katika jambo hili. Embakasi ulifunguliwa 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya kuujenga ilifanywa na mahabusu wa Mau Mau wakati wa Hali ya Hatari. Njia ya kurukia ndege ilichimbwa na kushindiliwa na watu ambao hawakuruhusiwa kutoka nje ya waya wa kambi. Kwao Ulaya ilikuwa mwendo wa siku moja, na kwao nyumbani Kiambu au Murang'a hakukuwa na idadi ya siku. Ndipo mwaka mmoja baadaye, Septemba 1959, wanafunzi 81 wakaondoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani katika mpango uliosukumwa na Tom Mboya. Safari yao ilikuwa ndefu na ya kutua hapa na pale, barua ya kutoka nyumbani ilichukua muda, na simu ilikuwa anasa. Kwa kilomita walikwenda mbali mara nne kuliko msichana wetu wa Riyadh. Ila kulikuwa na nchi nzima iliyowangoja warudi, na hakuna aliyewafungia pasipoti. Sijui nani kati yao na yeye utasema alikuwa mbali zaidi. Mimi ninalo jibu.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kitui, alidai katika kitabu chake cha 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika wakati si kamba tupu iliyokwisha kupimwa ikingojea kujazwa. Wakati ni matukio yenyewe. Akatumia maneno yetu, sasa na zamani. Wasomi wamemshambulia sana kwa hilo, hasa aliposema kuhusu siku zijazo, na nadhani wako sahihi kwa kiasi. Lakini kwa mama wa Kawangware, Mbiti hakukosea. Zile saa nne hazina tukio. Binti alipanda, akashuka. Ile miaka miwili ndiyo imejaa: mvua mbili za masika, mdogo wake amefanya KCSE, shangazi amezikwa, mtoto aliyeachwa akitambaa sasa anaongea na anamwita bibi yake mama. Huo ndio wakati uliopita kati ya viwanja viwili, na hakuna tiketi iliyouandika.

Katikati ya hayo kuna simu. Tumefundishwa kwamba simu imeua umbali, na kweli kuna usiku ambapo sura inaonekana, mtoto anasukumwa mbele ya kioo aseme hujambo. Lakini simu imeleta pia mateso ambayo bibi zetu hawakuyajua. Barua ikichelewa wiki tatu, wiki tatu zote ulikuwa na sababu: posta, mvua, uvivu wa mtu. Sasa kuna tiki moja ambayo haigeuki mbili. Kuna maandishi madogo yanayosema alionekana mara ya mwisho Jumapili saa nne na dakika kumi na mbili, na leo ni Alhamisi. Mko kwenye saa ile ile, dakika ile ile, na unajua kwa usahihi wa kutisha ni kwa muda gani hujui lolote.

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer aliandika insha iliyosomwa sana kuhusu njaa na wajibu wa walio na uwezo. Hoja yake, kwa ufupi: ukipita kando ya kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia umwokoe hata viatu viharibike; basi kama mtoto anakufa mbali ambako huwezi kumwona, wajibu wako haupungui kwa sababu ya umbali peke yake. Nakubaliana naye. Lakini hoja yake inauchukua umbali kama kitu kilichokuwepo tu, kama mlima, na kuuliza kama mlima unaweza kutusamehe. Swali langu linaanzia nyuma kidogo. Je, kama umbali huo umetengenezwa? Kama kuna mtu aliyeutia sahihi, mwingine akaupiga muhuri, wa tatu akaufungia kabatini na kuweka ufunguo mfukoni? Hapo aliyesimama kando ya kidimbwi si mpita njia. Ndiye aliyelijaza maji.

Na waliojaza maji ni wengi. Mwajiri yumo. Serikali mbili zimo, ile inayopokea kazi na hii inayopokea fedha zinazotumwa. Wakala yumo, na yeye simwoni kama shetani. Mara nyingi ni kijana kama sisi, ana kodi ya nyumba, analipwa kwa kila kichwa, na kilomita zake ni za kweli. Kosa lake ni hilo moja la kujibu swali lingine, na nadhani anajua, kwa sababu ukimwuliza kuhusu kurudi anabadilika sauti. Anaanza kusema "kwa kawaida" na "wengi wao".

Nimekuwa nikikijaribu kipimo hiki mahali pengine, na mahali kinaponiweka pabaya ni hapa hapa, Kilimani, Kileleshwa, Donholm, kwenye ghorofa zetu za vyumba viwili na roshani ya kuanikia nguo. Yule anayemlea mtoto wakati wewe na mimi tunasoma insha hizi ametoka Kitale, au Vihiga, au Kitui. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya kupumzika kila baada ya siku saba, na siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Waajiri wengi wa mjini ninaowajua hawajui sheria hiyo inamhusu na yeye, na wanaojua husema si tunaishi naye kama familia. Kuna nyumba ambazo kitambulisho chake kimewekwa na mwenye nyumba, kwa usalama. Kuna nyumba ambazo mshahara wa mwezi wa kwanza umezuiliwa, asije akatoroka. Tunatumia hata neno lile lile, kutoroka, kwa mtu mzima aliyeacha kazi.

Kutoka hapa hadi Kitale ni kilomita 380 hivi. Shatoli zinatoka mchana na usiku, na nauli anaweza kuitumiwa kwa simu kabla hajamaliza kufunga mkoba. Ameomba kwenda tangu Aprili. Ameambiwa angoje shule zifunguliwe, halafu angoje zifungwe.